Dawa ya Uraibu wa Vichangamshi Ipimwe Pamoja na Usingizi

Mhadhara uliotolewa Mtandire, Lilongwe, mbele ya wakazi wa mtaa na wageni kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka

Mada ya leo watu wengi huizungumzia kwa kunong'ona. Nitatumia Kiswahili, lugha iliyotukutanisha sisi tuliotoka Kivu, Katanga, Burundi, Rwanda na kwingineko. Wanaofuata kwa Chichewa wamekaa na mkalimani upande wa dirishani, nami nitakwenda polepole kwa ajili yao.

Kusudi langu ni kueleza jinsi dawa za kutibu uraibu wa vichangamshi zinavyopimwa kwa wanyama kabla hazijamfikia binadamu, na kutetea dai hili: dawa ya namna hiyo isipopimwa pamoja na usingizi, imepimwa nusu. Mimi ni mfamasia. Dai hili nimelifikia kwa kusoma kazi za maabara na kwa kukaa mezani na watu wanaokuja kuniomba kidonge cha kulala, huku macho yao yakieleza kwamba wamekunywa au wametafuna kitu cha kuwakesha.

Kwa vichangamshi nakusudia vitu vinavyouamsha ubongo na kuufukuza usingizi: kokeini, amfetamini, methamfetamini ambayo vijana wa miji ya kusini mwa Afrika wanaiita majina mengi, na miraa, ambayo waliopita Tanzania wanaijua kwa jina la mirungi. Heroini haimo katika kundi hili. Heroini hutuliza na kulaza, na kwa heroini dunia ina dawa: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu methadoni mwaka 2011, na watu waliokuwa wakilala vichochoroni wamerudi makazini. Mraibu wa kokeini au methamfetamini hana dawa ya aina hiyo. Hadi leo ninaposimama hapa, mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja kwa ajili ya uraibu huo, ingawa watafiti wamehangaika nao kwa miongo kadhaa. Swali la kwa nini imekuwa hivyo ndilo linalotupeleka maabara.

Hoja ya kwanza: miraa ni ya ukoo mmoja na amfetamini

Wapo wanaosema miraa ni jani tu, na wapo wanaosema ni sumu sawa na kokeini. Sayansi ina jibu lililo makini kuliko yote mawili. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilitenga kutoka katika majani mabichi kemikali iitwayo kathinoni. Umbo lake linakaribiana sana na amfetamini, na kazi yake ubongoni ni ileile: huzisukuma seli za neva zitoe kwa wingi dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na tamaa. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Mkulima wa mji wa Maua, Meru, nchini Kenya, hakuhitaji maabara kulijua hilo. Ndiyo maana mzigo hufungwa katika majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi usiku uleule.

Mti wenyewe humea kwa asili kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na milima ya Malawi imo katika njia hiyo. Sheria ndizo zinazotofautiana. Mkataba wa kimataifa unaidhibiti kathinoni lakini hauligusi jani; kwa hiyo Kenya inaruhusu biashara, Tanzania inakataza, na Uingereza ilipiga marufuku Juni 2014. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, wakulima wakapinga na shauri likafika mahakamani. Sitaingia katika ugomvi huo. Ninachotaka mkishike ni kwamba ujuzi unaopatikana kuhusu amfetamini unamhusu pia mtafunaji wa miraa, japokuwa nguvu za vitu hivi viwili hazilingani, na kutafuna jani kwa saa nyingi si sawa na kuvuta au kujidunga.

Hoja ya pili: mnyama anaulizwa swali gani

Watu wengi hufikiri mtafiti humlisha panya dawa kisha akatazama kama atakufa. Upimaji huo upo, ni wa sumu. Uraibu hupimwa kwa njia nyingine, na inafaa niieleze hatua kwa hatua maana kila kitu kingine kinaitegemea.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada, James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya hubonyeza wenzo bila kuchoka ili sehemu fulani ya ubongo wake isisimuliwe kwa umeme. Mwaka 1962 James Weeks akachapisha njia ya kumwekea panya mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, ili akibonyeza wenzo ajidunge dawa mwenyewe huku akitembea huru kizimbani. Tangu hapo mnyama akawa anaulizwa swali linaloeleweka: je, kitu hiki unakitaka? Mnamo mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 nyani wa maabara, kule Japani na Marekani, waliulizwa swali hilo kuhusu kathinoni. Walibonyeza.

Swali la pili ni: unakitaka kiasi gani? Leo abonyeze mara moja apate dozi; kisha mara 2, mara 4, mara 10, mara 50, gharama ikipanda hadi mnyama aache. Pale anapoacha ndipo pa kupima nguvu ya tamaa. Swali la tatu ndilo linalowagusa zaidi wenye ndugu waraibu. Mrija unafungwa, mnyama anabonyeza bila kupata kitu mpaka anaacha kabisa. Baada ya wiki kadhaa mtafiti anamrudishia taa iliyokuwa ikiwaka wakati wa dozi, au anampa mshtuko mdogo wa kumtia hofu, na mnyama anakimbilia wenzo upya. Mama uliyempokea mwanao kutoka matibabu, ukafurahi miezi mitatu, kisha siku moja akakutana na rafiki wa zamani sokoni ukampoteza tena, unajua maabara hiyo inaigiza nini.

Dawa mpya inayopimwa huingia hapo. Mnyama anapewa dawa hiyo, kisha anaulizwa maswali yaleyale matatu. Lakini lipo jambo ambalo mtafiti makini hulikagua kila mara: je, mnyama ameacha kubonyeza kwa sababu tamaa imepungua, au kwa sababu dawa imemlewesha usingizi asiweze kunyanyua mguu? Humpa wenzo mwingine wa chakula. Akibonyeza wa chakula na kuuacha wa kokeini, kuna matumaini. Akiziacha zote mbili, dawa hiyo imemlaza tu.

Nisiruke maumivu. Mwaka 1969 ilichapishwa ripoti kutoka Marekani ya nyani walioachiwa kokeini bila kikomo. Walijidunga usiku na mchana, wakaacha kula, na baadhi wakafa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu. Naamini majaribio ya aina hiyo hayapaswi kurudiwa, na siku hizi kamati za maadili zingeyakataa. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walikuwa wameshaandika kanuni ambazo maabara nzuri zinazifuata: pale inapowezekana tumia njia isiyo na mnyama, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na wale utakaowatumia, wapunguzie mateso. Sisi wenye dini mbalimbali humu ukumbini tunaamini tumekabidhiwa viumbe na tutaulizwa juu yao. Mimi nakubali matumizi ya wanyama katika kazi hii, kwa sharti kwamba kila kinachoweza kujifunzwa kutokana na uhai wao kijifunzwe. Ukimchoma mnyama mrija mshipani ukapima tamaa yake mchana, kisha ukazima taa na kwenda nyumbani bila kujua usiku wake ulikuwaje, umeyapoteza maumivu yake kwa nusu.

Hoja ya tatu: usingizi ni sehemu ya ugonjwa

Hapa nitakaa zaidi, mnivumilie.

Kila mtu anajua kichangamshi kinafukuza usingizi. Lisilojulikana sana ni kinachotokea baada ya kuacha. Siku za kwanza mtu hulala kama aliyezimia, hula sana, huzuni humjaa. Familia husema anapona, amelala. Kisha wiki zinapita na usingizi unaharibika upya, unakuwa mwepesi na wa vipande vipande. Peter Morgan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalaza watumiaji wa kokeini walioacha, wakapima mawimbi ya ubongo wao usiku. Mwaka 2006 walieleza jambo la kushangaza: kadiri siku za kuacha zilivyoongezeka hadi wiki ya tatu, usingizi uliopimwa ulizidi kuwa mbaya, ilhali wenyewe walisema wanalala vizuri. Walikuwa na ukosefu wa usingizi usioonekana hata kwao. Wahudumu wa afya wa kujitolea mliotoka Dzaleka, naomba mlikumbuke hilo. Mtu akisema "nalala salama", bado hujapima.

Je, usingizi mbaya ni matokeo ya uraibu tu, au nao unausukuma uraibu? Kwa binadamu ni vigumu kutenganisha, maana huwezi kumkatiza mtu usingizi kwa makusudi ili uone kama atarudia kokeini. Kwa panya imewezekana. Ilikuwa inajulikana tangu 2001, kwa kazi ya Jeffrey Grimm, Yavin Shaham na wenzao, kwamba panya aliyeachishwa kokeini hazidi kuisahau siku zinavyopita. Tamaa yake mbele ya ile taa huongezeka kwa wiki nyingi, hadi miezi miwili. Mwaka 2015 kundi la Yanhua Huang kule Pittsburgh likauliza usingizi una nafasi gani katika kuongezeka huko. Walipanga saa za kulala za panya hao ili usingizi wa ndoto urudi kwa wingi na usikatike, na tamaa haikupanda kama kawaida. Walipowakatiza usingizi, tamaa ilipanda haraka zaidi. Kokeini haikuguswa katika hatua hiyo, wala hakuna dawa mpya iliyotolewa. Kilichobadilika ni usingizi.

Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa matokeo yenye uzito mkubwa katika fani yote, nami nasikitika kwamba halijulikani mitaani kwetu.

Habari ya pili inaanza na mbwa. Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kikifuga mbwa wa aina ya Doberman wenye ugonjwa wa kuangukiwa na usingizi ghafla. Ukiwawekea chakula kitamu walisisimka, miguu ikalegea, wakaanguka. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua, kila moja kwa njia yake, kemikali ya ubongo ambayo wengine waliiita oreksini na wengine hipokretini. Mwaka uliofuata kundi la Emmanuel Mignot likaonyesha kwamba mbwa wale walikuwa na hitilafu katika kipokezi cha kemikali hiyo. Oreksini ndiyo inayoushikilia ubongo uwe macho.

Mwaka 2005 kikaja kipande cha pili. Watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli za oreksini huwaka pale panya anapokwenda mahali alipozoea kupata kokeini, na kwamba panya aliyekwisha kuacha akitiwa oreksini ubongoni huurudia wenzo. Alipopewa dawa ya kuizuia oreksini, hofu peke yake haikutosha tena kumrudisha. Angalieni sasa: mfumo unaokesha na mfumo unaotamani imeshikana. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha suvorexant, dawa ya usingizi inayofanya kazi kwa kuzuia oreksini. Ilitengenezwa kwa ajili ya wasiolala, na sasa watafiti wanaipima kwa waraibu wa kokeini, katika majaribio ambayo bado ni madogo. Sisemi imepatikana. Nasema njia hii isingeonekana kama watu wa usingizi na watu wa uraibu wangeendelea kukaa katika majengo mawili yasiyosemezana.

Uchaguzi wa mnyama nao una maana kubwa. Panya hulala zaidi mchana, tena kwa vipande vifupi vingi. Nyani hulala usiku mmoja mrefu kama sisi. Katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Lais Berro, Leonard Howell na wenzao waliwavalisha nyani aina ya rhesus kola zenye kifaa kidogo cha kupima mjongeo, na wakaona kwamba methamfetamini aliyojidunga mnyama mchana ilimharibia usiku wake. Kola haina maumivu. Haihitaji kumpasua mnyama kichwa wala kumfungia katika chumba cha pekee. Kila maabara inayopima dawa ya uraibu kwa nyani ingeweza kuitumia, na matokeo yangekuja na safu mbili: tamaa mchana, usingizi usiku. Kwa maoni yangu safu ya pili ingekuwa sharti la kuchapishwa.

Hoja ya nne: mnyama hutabiri, wala hathibitishi

Nitakuwa mfupi. Dawa nyingi zilizomfanya panya aache wenzo zimeshindwa kwa binadamu. Kule Finland kundi la Jari Tiihonen lilijaribu dawa iitwayo aripiprazoli kwa waraibu wa amfetamini, likitarajia mema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walizidi kutumia amfetamini kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na jaribio likakatizwa. Modafinili, dawa ya kumkesha mtu, ilileta matumaini mwanzoni kwa waraibu wa kokeini, kisha majaribio makubwa hayakukubaliana nayo. Hata hivyo kundi la Yale liliona kwamba modafinili iliyomezwa asubuhi iliongeza usingizi mzito usiku, na hilo linanifanya nijiulize kama majaribio yale yalipima kitu sahihi.

Mafanikio makubwa zaidi kwa methamfetamini yalichapishwa mwaka 2021 na kundi la Madhukar Trivedi: sindano ya naltreksoni pamoja na vidonge vya bupropioni. Waliofaidika walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya asilimia 2.5 ya waliopewa dawa bandia. Ni hatua ya kweli. Ni hatua ndogo pia, na daktari atakayemwahidi mzazi uponyaji kwa takwimu hizo hamtendei haki.

Hoja ya tano: kizimba nacho kina uzito

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelifikiria sana kwa sababu ya mahali tunapoishi. Naomba asitoke mtu hapa akisema tumefananishwa na panya. Nasema juu ya kanuni za utafiti.

Mwaka 2007 kundi la Serge Ahmed kule Bordeaux liliwapa panya nafasi ya kuchagua kati ya kokeini na maji yaliyotiwa sakarini. Asilimia 94 walichagua utamu. Mwaka 2008 Marcello Solinas na wenzake wa Poitiers waliwahamisha panya wadogo waliozoeshwa kokeini na kuwaweka katika vizimba vikubwa vyenye magurudumu, vichuguu na wenzao, na baada ya siku 30 dalili za uraibu zilikuwa zimefifia. Mwaka 2018 Marco Venniro, katika maabara ya Shaham huko Baltimore, aliwapa panya wenzo wa methamfetamini na wenzo wa kumfungulia mwenzao mlango. Walimfungulia mwenzao, hata wale walioonekana kuwa waraibu sugu.

Maana yake kwa upimaji wa dawa ni nzito. Panya aliyefungiwa peke yake, asiye na la kufanya isipokuwa wenzo mmoja, hawezi kutueleza peke yake dawa itamfaa nani. Dawa inayofanya kazi katika upweke ipimwe pia palipo na jamii, na kinyume chake.

Maana yake kwetu nayo ipo. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, na sasa wanazidi 50,000. Sheria inamzuia mkimbizi kufanya kazi na kuishi nje ya kambi, na mwaka 2023 familia nyingi zilizokuwa na maduka mijini ziliamriwa kurudi. Kijana aliyemaliza sekondari hana pa kwenda asubuhi. Usiku nyumba ni chumba kimoja, watu saba, mtoto analia, na wazee wanaamshwa na mambo waliyoyaona Kivu au Burundi. Nani atalala humo? Akipata kitu cha kumsisimua mchana na kidonge cha diazepamu cha kumlaza usiku, kilichonunuliwa sokoni bila karatasi ya daktari, atakuwa na uraibu wa aina mbili kabla ya mwaka kwisha. Nawasihi wenye maduka ya dawa: msiuze diazepamu kwa kumwonea mtu huruma. Na nawaambia wanaofanya sera: ruhusa ya kufanya kazi ni jambo la afya, na ushahidi wake upo hata maabara.

Hoja ya sita: miraa imeachwa nje

Hela za utafiti zimefuata kokeini na methamfetamini kwa sababu huko ndiko tajiri anakoumia. Miraa hutafunwa na mamilioni ya watu kuanzia Yemen hadi Madagaska, na usingizi wa watumiaji wake umepimwa kidogo mno kwa vifaa.

Uwezo tunao Afrika Mashariki. Taasisi ya Utafiti wa Nyani ya Kenya, iliyopo Karen, Nairobi, na ambayo chimbuko lake ni kituo cha Tigoni alichokianzisha Louis Leakey, ina ujuzi wa miaka mingi na nyani na tumbili. Mwaka 2006 Jason Mwenda na wenzake walichapisha kazi yao ya huko: kwa nyani waliopewa maji ya miraa, testosteroni ilipanda, prolaktini na kotisoli zikashuka. Ni kazi ya heshima. Iliuliza juu ya homoni, na ilijibu lililoulizwa. Nyani kama hao wakivalishwa kola za mjongeo, tungejua miraa inafanya nini kwa usiku wa mnyama anayelala kama sisi, na inachukua siku ngapi usingizi kurudi baada ya kuacha. Kisha tungeweza kuuliza kama dawa za kuzuia oreksini zinaurudisha mapema. Kwa panya, kazi ya awali ingeweza kufanyika hapa hapa Malawi, ambako chuo kikuu cha kilimo cha LUANAR kule Bunda kinafundisha udaktari wa mifugo na Chuo Kikuu cha Kamuzu cha Sayansi za Afya kinafundisha famasia.

Wako wanaoniuliza kwa nini tusianze moja kwa moja na watu. Nawajibu kwa mfano wa Kano. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa uti wa mgongo kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto, na wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa ni jaribio. Shauri liliendelea miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 kwa suluhu na jimbo la Kano. Watu walio katika dhiki hawakatai kwa urahisi. Mkimbizi anayedhani jina lake litaondolewa kwenye orodha ya mgao atasaini karatasi yoyote. Siku dawa hizi zitakapokuwa tayari kujaribiwa katika nchi kama yetu, kambi itaonekana kuwa mahali pazuri pa kupata watu: wako pamoja, hawaondoki, hawana pa kushtaki.

Tunakokwenda

Malawi inayo Kamati ya Taifa ya Utafiti wa Sayansi za Afya, na hakuna jaribio la dawa kwa watu linalopaswa kuanza bila idhini ya kamati ya maadili. Napendekeza tuiandikie sasa, kabla hajaja mtafiti yeyote, tukiomba mambo mawili. Karatasi ya ridhaa ya utafiti wowote wa Dzaleka isomwe na kuelezwa kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa, na mtu apewe siku za kufikiri nyumbani. Na jaribio lolote la dawa ya uraibu wa vichangamshi lipime usingizi, kwa kifaa, tangu siku ya kwanza hadi miezi kadhaa baada ya kuacha.

Wahudumu wa kujitolea, kazi yenu inaweza kuanza kesho bila ruhusa ya mtu. Katika daftari la kila mnayemtembelea ongezeni mstari wa usingizi: alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, anayelala naye chumba kimoja anasemaje. Huyo wa tatu ndiye shahidi wenu, kwa sababu ya matokeo ya Yale niliyowaeleza. Mkiona usingizi unaharibika wiki ya pili au ya tatu baada ya mtu kuacha, ongezeni ziara, msizipunguze. Anayeona vitu visivyokuwepo au anayetaka kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lilongwe kuna St John of God na kitengo cha magonjwa ya akili cha Bwaila.

Walimu wa sayansi, nimewaachia mezani maelezo ya jinsi ya kutunza daftari la usingizi na wanafunzi wa sekondari kwa wiki mbili, kila mmoja na usiku wake, bila mnyama na bila dawa. Nitarudi muhula ujao tuyasome madaftari hayo pamoja, na nikipata kibali cha shule nitakuja na mwenzangu wa famasia anayetaka kuandika ombi la utafiti wa miraa na usingizi. Madaftari hayo yatamsaidia kuonyesha kwamba watu wa hapa wanalijali swali lenyewe.

Barua ya kuipelekea kamati hiyo ya utafiti iko kwa katibu wa mtaa; wanaotaka kuisaini waisome kwanza hadi mwisho. Sasa nakaribisha maswali, na kwa ruhusa ya amfumu, chifu wetu, tuanze na wageni wa Dzaleka, maana minibasi yao inaondoka saa kumi.